Jeni za vipokezi vya serotonini zinamfanyia mbu kazi gani?

Mwalimu mmoja wa biolojia ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu wamesoma kwamba mbu naye ana serotonini, ile kemikali tunayoambiwa ni ya furaha. Sasa wananiuliza kama mbu anafurahi. Wamesikia pia kuna watafiti wanaozima jeni ya kipokezi cha serotonini ili kumuua mbu. Jeni hizo zinafanya nini hasa katika ukuaji na tabia yake? Na kama sisi pia tunazo, kwa nini kuzizima kwake kusitudhuru?"

Mwalimu, hilo la furaha tuliweke sawa kwanza, maana likibaki hivyo litapotosha mengine yote. Sifa ya furaha ilikuja baadaye sana. Miaka ya 1930 Vittorio Erspamer wa Italia aliikuta kemikali hii katika seli za ukuta wa utumbo, akaiita enteramini. Mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, huko Marekani, waliipata katika seramu ya damu walipokuwa wakitafuta kitu kinachokaza mishipa, na hapo ndipo jina serotonini likazaliwa. Kwa hiyo ilianza kujulikana kama kitu cha utumbo na mishipa ya damu. Hata leo tunajua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini ya mwili wa binadamu imo tumboni, si kichwani. Waambie vijana kwamba hatuna njia ya kumuuliza mbu kama anafurahi. Tunachoweza ni kuutoa utumbo wake, kuuweka kwenye maji ya chumvi, kuudondoshea serotonini na kutazama kinachotokea. Nitafika huko.

Serotonini ni molekuli ndogo inayotengenezwa kutokana na triptofani, asidi amino ambayo mnyama huipata kwenye chakula. Ni ileile kwa mbu, kwa nyuki, kwa ng'ombe na kwako. Yenyewe haina agizo lolote ndani yake. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mbiu haisemi nani achukue jembe na nani abaki kulinda nyumba. Kila anayeisikia hufanya lililo lake. Ndani ya mbu, kinachoamua seli ifanye nini ni kipokezi: protini iliyopenya utando wa seli mara 7, upande wake mmoja ukiwa nje, serotonini inakofikia, na mwingine ukiwa ndani, ukigusana na mitambo ya seli. Jeni ndiyo iliyobeba maelezo ya kuijenga protini hiyo. Seli iliyowasha jeni ya kipokezi fulani ina sikio la aina hiyo. Isiyowasha hata moja, serotonini inaipita tu.

Binadamu ana aina 14 za vipokezi hivi, zilizogawanyika katika koo 7. Wadudu wana koo 3 tu kati ya hizo, ule wa 1, wa 2 na wa 7. Nzi wa matunda, mdudu aliyechunguzwa kuliko wote, ana vipokezi vitano: 1A, 1B, 2A, 2B na 7. Mbu naye anachota kutoka koo hizohizo tatu. Tofauti kati ya koo iko katika kinachofuata ndani ya seli baada ya serotonini kutua. Ukoo wa 1 hupunguza molekuli ya ujumbe iitwayo cAMP. Ukoo wa 7 hufanya kinyume kabisa, huiongeza. Ukoo wa 2 hufungulia kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Hapa ningependa wanafunzi wasimame kidogo, kwa sababu ndiyo kiini cha jibu langu lote: tone lilelile la serotonini linaweza kuituliza seli moja na kuiamsha jirani yake, kutegemea jeni ipi imewashwa. Ndiyo maana mtu akiniuliza "serotonini inamfanya mbu aume au asiume?" namrudishia swali: kipokezi kipi, katika kiungo gani, saa ngapi?

Sasa ukuaji. Kazi ya vipokezi hivi huanza mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa nzi wa matunda, kipokezi kimoja cha ukoo wa 2 huonekana ndani ya kiinitete kikiwa kimepangika kwa michirizi, wakati ambapo hakuna ubongo wala neva za kuzungumzia. Kinahitajika seli zinaposukumana kuurefusha mwili. Yaani kabla serotonini haijawa na uhusiano wowote na tabia, tayari ina kazi ya kuufinyanga mwili. Huyo ni nzi, si mbu, nami sipendi kuhamisha matokeo ya mmoja kwa mwingine kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini wote wawili wamo katika oda moja ya wadudu, na mfano huu unafaa kuondoa dhana kwamba vipokezi hivi ni mali ya ubongo peke yake.

Kwa mbu wenyewe, mahali pazuri pa kuanzia ni kiluwiluwi. Maisha yake ni kula. Huchuja na kukwangua chembe za uozo na vijidudu kwenye maji, usiku na mchana, na chakula hicho hupita kwenye sehemu ya mbele ya utumbo wa kati ambayo ina jambo la ajabu: humo ndani pH hupita 10. Wanyama wachache sana wana tumbo kali la namna hiyo upande wa magadi badala ya tindikali. Kuifikia hali hiyo na kuidumisha ni kazi ngumu ya kusukuma chaji za umeme kupitia ukuta wa utumbo bila kukoma.

Ukiutoa utumbo huo kwa kibano chembamba na kuuweka kwenye maji ya chumvi yanayofanana na damu ya mdudu, mwanzoni unaonyesha volteji kati ya ndani na nje, kisha volteji hiyo inashuka. Utumbo unapoa. Ukiongeza serotonini, volteji inapanda tena, ukuta unarudia kazi ya kuyafanya maji ya ndani kuwa ya magadi, na misuli iliyouzunguka utumbo inaanza kujibana kwa nguvu. Horst Onken pamoja na David na Stacia Moffett, waliofanya kazi hii kwenye Chuo Kikuu cha Washington State, walionyesha pia kwamba nyuzi za neva zenye serotonini hutambaa juu ya utumbo wa kiluwiluwi. Kumbe mdudu anayeonekana anakula tu ovyo ana neva zinazouhimiza utumbo wake muda wote, na vipokezi vilivyo kwenye ukuta na misuli ndivyo vinavyoitika.

Jaribio linalonigusa zaidi, hata hivyo, linahusu mbu wa aina ya Aedes aegypti, yule anayeeneza dengi, Zika, chikungunya na homa ya manjano. Mwaka 2018 Lin Ling na Alexander Raikhel wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha kazi kuhusu jeni ya kipokezi cha 2B. Waligundua kwamba mbu jike akishanyonya damu, serotonini yake hupanda, na jeni ya 2B huzidi kufanya kazi katika tishu ya mafuta. Tishu hiyo, mwalimu, usiichukulie kama mafuta ya akiba tu. Kwa mdudu ndiyo ini, ndiyo ghala, na ndiyo kiwanda cha protini zinazokwenda kuwa kiini cha yai.

Kisha wakaiharibu jeni hiyo kwa CRISPR, mkasi wa kukatia DNA. Mbu waliopatikana hawakufa papo hapo. Walikuwa wadogo kwa umbo, walichelewa kukua, waliishi muda mfupi, ovari zao zilidumaa, na akiba yao ya mafuta ilipungua mno. Watafiti walipofuatilia sababu, waliikuta njia ya insulini. Mbu ana peptidi kadhaa, yaani protini fupifupi, zinazofanana na insulini yetu. Kipokezi cha 2B kilipokosekana, mbili kati ya hizo, ya 2 na ya 6, zilipungua, huku ya 4 na ya 5 zikiongezeka. Walipoharibu jeni ya peptidi ya 2 au ya 6 yenyewe, umetaboli wa mbu ulivurugika kwa namna inayofanana. Mnyororo ukawa wazi: damu inaingia, serotonini inapanda, kipokezi cha 2B katika tishu ya mafuta kinaitika, peptidi za insulini zinatoka, mwili unajenga mafuta na mayai.

Naomba usilipite hilo haraka. Ukubwa wa mbu si jambo la urembo. Jike mdogo asiye na akiba hutaga mayai machache, na jike anayekufa mapema huenda asifikishe siku ambazo vimelea au virusi vinahitaji kukomaa ndani yake kabla ya kuambukiza mtu mwingine. Jeni moja ya kipokezi, katika tishu iliyo nje ya ubongo, inagusa uwezo wa mbu kueneza ugonjwa.

Tuje kwenye tabia. Tuchukue ile inayotuhusu kuliko zote, kuuma. Tezi za mate za mbu jike zimezungukwa na nyuzi zenye serotonini. Mwaka 1995 Novak, Ribeiro na Hildebrand walichapisha jaribio ambalo ndani yake waliwapunguzia majike wa Aedes aegypti serotonini kwa kemikali inayozuia utengenezaji wake. Majike hao walichukua muda mrefu zaidi kuipata damu, wengi zaidi walishindwa kunyonya, na mate yao yalikuwa na apyrase kidogo. Apyrase ni kimeng'enya ambacho mbu hukitema kwenye ngozi ili chembe sahani za damu yetu zisigandane. Mbu asiye na mate ya kutosha huchoma, hutafuta, huchoma tena. Kwa mtazamaji, tabia yake imebadilika, amekuwa mzembe wa kunyonya. Kumbe tezi tu haikupata ujumbe wake. Nampenda mfano huu kwa sababu unafuta ule mpaka tunaouchora kati ya tabia na viungo.

Mara damu inapoingia linakuja tatizo jingine. Mtazame jike anaponyonya kupitia kioo cha kukuzia. Tumbo lake, lililokuwa bapa na la kijivu, linajaa na kung'aa wekundu hadi unaona ngozi kati ya pingili imetanuka na kuwa nyembamba kama utando wa kitunguu. Amebeba mzigo unaolingana na uzito wake mwenyewe au kuuzidi, na sehemu kubwa ya mzigo huo ni maji na chumvi asivyovihitaji. Ndani ya dakika chache tone linatokea ncha ya tumbo, linaning'inia, linadondoka, na jingine linafuata. Akichelewa kuyatoa hayo hawezi kuruka vizuri, na asiyeruka vizuri hupigwa kofi. Kazi ya kuyachuja hufanywa na mirija ya Malpighi, figo za mdudu. Kwa kunguni wa Rhodnius prolixus, mnyonya damu wa Amerika ya Kusini na ya Kati, serotonini ni homoni rasmi ya kazi hiyo. Kwa mbu mambo yana wasaidizi wengi, zipo homoni nyingine za peptidi zinazoshika usukani pia, lakini mwaka 2001 Patricia Pietrantonio na wenzake huko Texas walitangaza kwamba wameipata jeni ya kipokezi cha ukoo wa 7 kutoka kwenye mfumo wa kutoa taka na wa kupumua wa jike wa Aedes aegypti. Ukoo wa 7, kumbuka, ni ule unaoongeza cAMP, na cAMP ndiyo moja ya amri zinazoiamsha mirija hiyo isukume chumvi na maji.

Madume hawanyonyi damu, lakini nao wana habari yao. Dume humtambua jike kwa mlio wa mabawa yake, na sikio lake liko kwenye shina la papasi. Utafiti wa mwaka 2022 uliotoka kwenye maabara ya Azusa Kamikouchi nchini Japani ulikuta serotonini kwenye masikio ya dume na ya jike wa Aedes aegypti, na vipokezi vya koo zote tatu vikiwemo. Vya ukoo wa 7 vilikuwa vingi zaidi sikioni kuliko kichwani. Serotonini hubadilisha namna sikio la dume linavyoitikia mtetemo kimakanika, kama mtu anayekaza au kulegeza uzi wa gita. Ukiweza kulivuruga hilo, unaweza kuvuruga kujamiiana.

Harufu nayo ipo. Nyuzi za serotonini zimeonekana katika sehemu za ubongo zinazopokea harufu, na hata nje ya ubongo, kwenye papasi zenyewe. Hapa niseme tahadhari moja, kwa sababu vijana hupenda kulibebesha jina moja kila kitu. Mbu anaweza kujifunza kumkwepa mtu anayempiga kofi, akiunganisha harufu ya mtu huyo na mtikisiko wa pigo. Uwezo huo, ulioonyeshwa mwaka 2018, unategemea kipokezi cha dopamini. Dopamini na serotonini ni majirani wanaoshirikiana, ila si mtu mmoja.

Jambo jingine dogo linaloniacha nikitafakari: mbu hatengenezi tu serotonini yake, anakunywa na ya kwetu, maana chembe sahani za damu zimebeba shehena yake. Kwa mgonjwa wa malaria kali, serotonini ya damu hushuka na histamini hupanda. Watafiti wa Marekani walipowalisha mbu wa Anopheles stephensi histamini na serotonini kwa viwango vya namna hiyo, walibadilika katika kunyonya, katika kuruka, na katika kuambukizwa vimelea vya malaria. Hali ya mgonjwa, basi, inaweza kumfikia mbu kupitia mlo wenyewe.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo zito. Mwaka 2023 kundi la Molly Duman-Scheel wa Marekani lilichapisha matokeo ya hamira iliyobadilishwa ili itengeneze kipande kifupi cha RNA, molekuli inayobeba nakala ya maandishi ya jeni, kilichojikunja kama pini ya nywele. Hamira yenyewe ni Saccharomyces cerevisiae, ileile inayoumua mkate, na huuawa kwa joto kabla ya kutumika, hivyo haizaliani tena. Viluwiluwi huila kama kidonge majini, na mbu wazima huipata ndani ya chambo cha sukari. Ikishafika ndani, seli za mbu huichukua ile RNA kama kielelezo, zikausaka ujumbe wa jeni ya kipokezi cha 1 na kuukatakata kabla haujawa protini. Jeni yenyewe haijaguswa, imenyamazishwa tu. Viluwiluwi na mbu wazima wa Aedes, Anopheles na Culex walikufa kwa wingi, maabarani na katika majaribio ya nje yaliyodhibitiwa, na mifumo ya neva ya ubongo wao ilionekana kuharibika vibaya. Ona tofauti: aliyenyimwa 2B aliishi akiwa mdogo na dhaifu, aliyenyamazishiwa kipokezi cha 1 alikufa.

Kwa nini lisitupate sisi? Hapa ndipo ningekaa na wanafunzi muda mrefu ubaoni. Dawa ya kawaida ya kemikali hutambua umbo. Inaingia kwenye shimo la kipokezi kama serotonini inavyoingia. Sasa, kwa kuwa serotonini ni ileile kwa wanyama wote, shimo hilo halijabadilika sana kutoka kwa mbu hadi kwa nyuki hadi kwa mtu, na kemikali inayolingana na la mbu inaweza kulingana na letu. Vipokezi vyote vya umbo hili la kupenya utando mara 7, si vya serotonini peke yake, ndivyo vinavyolengwa na karibu theluthi moja ya dawa za hospitali zilizoidhinishwa, kwa hiyo hatari ya kugusa pasipotakiwa si ya kufikirika. RNA haitambui umbo. Inasoma herufi, moja baada ya nyingine. Protini mbili zinaweza kufanana umbo huku jeni zake zikiandikwa kwa herufi tofauti, na watafiti walichagua kipande cha maandishi ambacho mbu wanacho kwa pamoja na wengine hawana. Walipowalisha hamira hiyo arthropoda wengine wasiolengwa, yaani wadudu na jamaa zao, hawakuona sumu.

Sitaki uondoke ukidhani vita imekwisha. Njia hii inadai mbu aile hamira, na kunyamazisha jeni huchukua siku, si dakika. Herufi chache zikibadilika kwenye sehemu iliyolengwa, mbu mwenye mabadiliko hayo anaweza kupona na kuzaa waliopona. Mimi naiona kama silaha ya kuongezwa kwenye zilizopo, na nayo iandamane na RNA zinazolenga jeni nyingine, ili mbu asipate njia moja rahisi ya kutoroka.

Kwa darasa lako, mwalimu, usianze na CRISPR. Chukua kiluwiluwi mmoja, umweke kwenye tone la maji juu ya kioo, chini ya hadubini ya kawaida ya shule. Mwili wake unapitisha mwanga. Utaona mstari wa chakula cheusi ukipita katikati yake, na ukingoja kidogo utaona ukuta wa utumbo ukijibana, wimbi likisafiri, kisha kutulia, kisha wimbi jingine. Waulize nani ameliamuru wimbi hilo, kisha uwasimulie habari ya utumbo uliopoa na tone la serotonini. Chombo cha viluwiluwi kifunikwe kwa kitambaa muda wote asitoke mbu mzima, na mkimaliza myamwage maji hayo juu ya ardhi kavu yenye jua.